Jino Bovu Halingoji Mtoto Azaliwe



Hivi majuzi tulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama upande wa Runyenjes. Pesa za meri-go-raundi zilipokwisha kuhesabiwa, tuliuliza kama kuna neno lingine. Mama mmoja aliinua mkono. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Shavu lake la kushoto lilikuwa limefura, naye alikuwa amelifunga kwa leso kama mtu mwenye matumbwitumbwi. Alisema hajalala siku tatu. Alikuwa amekwenda kwa kliniki fulani, na aliyekuwa zamu akamwangalia tumbo kabla hata ya kumwangalia mdomo, akamwambia, "Mama, wewe rudi ukishajifungua." Basi akarudi nyumbani, akapitia dukani, akauziwa vidonge vya rangi mbili bila kuambiwa ni vya nini.

Alikuwa na maswali mawili. La kwanza, je, ni kweli mama mja mzito hawezi kutibiwa meno? La pili, amesikia ati ile dawa ya rangi ya siliva ya kuziba meno ina sumu ndani yake. Je, ni kweli? Wenzake wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na hapo tukajua kwamba hili si jambo la mtu mmoja.

Tutaanza na majibu mafupi, halafu tueleze. Mama mja mzito anaweza kutibiwa meno, na jino likiwa na usaha ni hatari zaidi kungoja kuliko kutibiwa. Na ile dawa ya siliva, ndiyo, ina zebaki ndani yake. Kwa mama mwenye mimba na anayenyonyesha ni afadhali azibiwe na dawa nyingine, ambayo ipo. Lakini kama tayari unayo mdomoni, usiende kuitoa. Haya mambo matatu yanaenda pamoja, na mtu akishika moja na kuacha mengine anaweza kujiumiza.

MTOTO HALI MENO YA MAMA

Wako wazee wetu wanaosema kwamba kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Cucu akionyesha pengo atakuambia, hili ni la fulani, na hili ni la fulani. Ni kweli mapengo yapo, na ni kweli yalikuja wakati wa kuzaa. Lakini si mtoto aliyeyala.

Chokaa iliyo ndani ya jino imefungwa humo. Haitoki kwenda kwa mtoto. Mtoto anayeumbwa tumboni huchukua chokaa kutoka kwa chakula cha mama, na kikikosa, kutoka kwa mifupa ya mama. Ndiyo sababu tunawahimiza mnywe maziwa, mle omena, mboga za majani na uji wa wimbi. Wimbi ina chokaa nyingi kuliko mahindi, na huku kwetu si kitu cha kutafuta mbali.

Jino hutobolewa na kitu kingine. Mdomoni mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukila sukari, navyo hula, na baada ya kula hutoa asidi. Hiyo asidi ndiyo humomonyoa jino kama maji ya mvua yanavyomomonyoa shamba lisilo na makinga maji. (Ule mdudu mweupe ambao watu husema hutolewa ndani ya jino kwa moshi, hakuna daktari aliyewahi kumwona.) Sasa fikiria mama mwenye mimba changa. Chakula kinamchafua roho. Anakula kidogo kidogo siku nzima: chai ya sukari, mandazi, biskuti, soda ya kuteremsha kichefuchefu. Kila mara anapoweka kitu kitamu mdomoni, asidi inaanza tena. Halafu anatapika, na matapishi pia ni asidi, na kali sana. Akishika mswaki, harufu ya kolgeti inamtapisha tena, basi anaacha kupiga mswaki. Miezi tisa ya namna hiyo inatosha kutoboa jino, na mtoto anasingiziwa.

Jambo la kufanya ni rahisi. Ukitapika, sukutua kwa maji safi kwanza. Kama una ile soda ya unga ya kuokea, tia kijiko kidogo ndani ya kikombe cha maji usukutue, kisha uteme. Usitumie magadi ya kulainishia githeri, hayo ni kitu kingine, na yana floraidi nyingi mno. Ngoja karibu nusu saa au saa moja ndipo upige mswaki, kwa sababu mara tu baada ya kutapika jino huwa limelainika juu na mswaki utalikwangua. Kama kolgeti inakutapisha, piga mswaki na maji matupu wakati huo, na utumie dawa yenye floraidi saa ambayo tumbo limetulia, hasa usiku.

Kuhusu ufizi: akina mama wengi wenye mimba huona damu wakipiga mswaki. Hii huletwa na homoni za mimba, ambazo hufanya ufizi ufure haraka ukiguswa na uchafu ulioganda kwenye meno. Huanza karibu mwezi wa pili na huzidi kufikia mwezi wa nane. Wengine huota kinyama chekundu katikati ya meno. Kinatisha lakini si saratani, na mara nyingi huondoka chenyewe baada ya kuzaa. Kosa kubwa ni kuacha kupiga mswaki kwa sababu ya damu. Damu inatoka kwa sababu kuna uchafu, ukiuacha, itazidi. Tumia mswaki laini, au kijiti kilichotafunwa vizuri mpaka kikawa nyuzi, na uende taratibu.

Huko Igembe na Tigania tuseme pia neno moja juu ya miraa, ingawa tunajua itatuletea barua. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha aiache. Imeonekana watoto wa akina mama wanaotafuna huzaliwa na uzito mdogo, na nguvu yake hupita kwenye maziwa. Na kwa meno, si jani peke yake, ni ile soda na bigijii inayoandamana nayo saa nzima. Ule udongo mgumu unaouzwa sokoni, ambao wengine huuita odowa, nao husaga meno na hauongezi damu hata kidogo. Ukiona hamu yake imekushika sana, mwambie muuguzi apime damu yako.

WAKATI GANI WA KWENDA

Kama hakuna haraka, wakati mzuri wa kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno ni mwezi wa nne, wa tano na wa sita. Miezi ya kwanza kichefuchefu kinasumbua, na miezi ya mwisho tumbo ni kubwa na kulala chali ni taabu. Lakini huo ni wakati wa starehe tu, si sheria. Jino likiuma, likiwa na usaha, au shavu likifura, nenda mwezi wowote, hata wa kwanza, hata wa tisa.

Watu waliotaka kujua kama matibabu yanaharibu mimba walifanya uchunguzi mkubwa huko Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2006. Walichukua akina mama zaidi ya 800 wenye ugonjwa wa ufizi. Nusu walisafishwa ufizi wakiwa na mimba, na nusu walisafishwa baada ya kuzaa. Waliotibiwa wakiwa na mimba hawakupatwa na madhara zaidi kuliko wenzao. Tuwe wa kweli: pia haikuonekana kwamba kusafishwa kulizuia watoto kuzaliwa kabla ya siku. Kwa hivyo mtu akikuambia ukitibiwa meno mtoto atatoka mapema, si kweli. Na akikuambia usipotibiwa ufizi lazima utazaa kabla ya siku, huyo naye amezidisha.

Hatari ya kweli ni usaha. Usaha wa jino haukai mahali pamoja. Unaweza kushuka chini ya taya na kuingia shingoni, ukaziba njia ya hewa. Ukiona uso unafura haraka, una homa, huwezi kufungua mdomo vizuri au kumeza mate ni shida, hiyo si kazi ya kungoja Jumatatu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni kukodi gari na kulipa baadaye. Mama huyo akishindwa kupumua, ni watu wawili wanaokosa hewa.

Ukifika, sema mapema kwamba una mimba na ni ya miezi mingapi. Usione haya kwa sababu tumbo bado halionekani. Sindano ya ganzi inayotumiwa sana kwa meno, lignokaini, imetumiwa kwa wajawazito miaka mingi na inakubalika. Kung'olewa jino bila ganzi ya kutosha, ukiwa umeshikwa na watu wawili, kunakusumbua wewe na mtoto kuliko hiyo sindano. Picha ya eksirei ya jino nayo hupigwa ikiwa kuna lazima. Miale yake ni kidogo sana na inaelekezwa kwenye shavu, si kwenye tumbo, tena utavikwa aproni nzito. Kama aproni haikuletwa, iulizie.

Ukiwa na mimba kubwa usilale chali kabisa. Tumbo hulalia mshipa mkubwa wa damu na unaweza kuona kizunguzungu hata kuzimia. Omba uwekewe kitu, hata sweta iliyokunjwa, chini ya nyonga ya kulia ili uinamie kidogo upande wa kushoto. Daktari hatakasirika. Pengine alikuwa amesahau.

VIDONGE VYA RANGI MBILI

Turudi kwa vile vidonge vya yule mama. Alikuwa navyo kwenye kipande cha gazeti, vinne. Hakuna jina. Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wanapoharibiwa bila mtu kukusudia.

Iko dawa iitwayo tetrasaiklini. Miaka mingi iliyopita ilikuwa inauzwa madukani kama peremende, kwa kikohozi, kwa kidonda, kwa jino. Dawa hii hushikana na chokaa. Mama akiimeza kuanzia karibu mwezi wa nne wa mimba, inaingia kwenye meno na mifupa ya mtoto inayoumbwa wakati huo, na mtoto huota meno ya rangi ya manjano au kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyasafisha. Ndugu yake, doksisaiklini, naye mama mja mzito asipewe ila daktari aone lazima.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa sababu wengine watatoka hapa wakisema vidonge vya rangi mbili ni vibaya. Amoksilini, ambayo ni dawa nzuri na inakubalika kwa mwenye mimba na anayenyonyesha, nayo huja kwa vidonge vya rangi mbili. Rangi si jina. Kila kampuni hupaka rangi yake. Usinunue dawa isiyo na jina, na kama umepewa kwenye karatasi, mwambie aliyekupa akuandikie jina lake juu. Akikataa, rudisha.

Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo ya kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa, bila kuzidisha. Aspirini ya maumivu, ibuprofeni na diklofenaki (ile ambayo wengine huchomwa kama sindano ya maumivu) mwenye mimba asijipe mwenyewe, na hasa kuanzia mwezi wa tano, kwa sababu zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto tumboni. Anayenyonyesha anaweza kutumia parasetamoli au ibuprofeni. Aepuke aspirini, na zile dawa kali za maumivu kama kodini na tramadoli, ambazo hupita kwenye maziwa na kumlaza mtoto usingizi wa hatari.

Tena, dawa ya kuua vijidudu haizibi tundu. Hupunguza usaha kwa siku chache, ukafurahi, halafu jino linarudi na hasira. Dawa ya jino bovu ni kuzibwa au kung'olewa. Wengine huweka ndani ya tundu maji ya betri, mafuta ya taa au ugoro. Maji ya betri huunguza ufizi mpaka mfupa, na tumeona mdomo wa mtu aliyefanya hivyo. Karafuu iliyopondwa kidogo inaweza kutuliza unapongoja matatu ya asubuhi, lakini iwe ni ya kungoja matatu tu.

ILE DAWA YA SILIVA

Sasa swali la pili. Dawa ya siliva huitwa amalgamu. Imetumiwa duniani zaidi ya miaka 150 kwa sababu ni ngumu, ni ya bei nafuu na hukaa muda mrefu. Hutengenezwa kwa unga wa fedha, bati na shaba, ukichanganywa na zebaki. Zebaki ni karibu nusu ya uzito wake. Ndiyo ile madini ya maji maji iliyokuwa ndani ya vipima joto vya zamani, ikianguka inatawanyika kama shanga.

Zebaki ikishashikana na hayo madini mengine huganda, lakini haikai kimya kabisa. Mvuke kidogo sana hutoka mtu anapotafuna au kusaga meno. Mvuke mwingi zaidi hutoka siku mbili: siku ya kuziba na siku ya kutoa. Ukiingia kwenye damu ya mama unaweza kuvuka hadi kwa mtoto tumboni, na kidogo hufika kwenye maziwa. Ubongo wa mtoto anayeumbwa ni laini, na zebaki nyingi inajulikana kudhuru ubongo.

Neno la kuangalia ni "nyingi". Katika visiwa vya Shelisheli, watafiti walifuata akina mama na watoto wao kwa miaka. Matokeo waliyochapisha mwaka wa 2011 hayakuonyesha kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na amalgamu wakati wa mimba walikuwa nyuma ya wenzao kwa akili au kwa maendeleo. Kwa hivyo mama aliyezibwa mwaka jana, au hata mwezi uliopita kabla hajajua ana mimba, asikose usingizi. Na asiache kunyonyesha. Maziwa yake bado ndiyo chakula bora cha mtoto.

Mbona basi tunasema ni afadhali mwenye mimba asiwekewe mpya? Kwa sababu mtoto ni mdogo na njia nyingine ipo. Kama kuna barabara mbili za kwenda Chuka, na moja ina daraja lililo na mashaka kidogo, huwezi kupita hapo na mtoto mgongoni kwa sababu tu hakuna aliyeanguka bado.

Nchi za dunia zilifikiri hivyo pia. Mwaka wa 2013 zilikubaliana mkataba wa kupunguza zebaki, unaoitwa Mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliumia kwa kula samaki wenye zebaki kutoka kiwandani. Mkutano mmoja wa kuuandaa ulifanyika hapa Nairobi mwaka wa 2011, na Kenya ikautia sahihi 2013. Mkutano wa nchi hizo wa mwaka wa 2022 ulikubaliana kwamba amalgamu isitumiwe, au watu washauriwe isitumiwe, kwa meno ya utoto, kwa watoto walio chini ya miaka 15, na kwa akina mama wenye mimba na wanaonyonyesha, ila pale daktari anapoona hakuna budi kwa mgonjwa huyo. Nchi za Ulaya zilikuwa zimekataza kwa watu hao tangu 2018, na mwaka wa 2025 zikaikataza karibu kwa kila mtu. Mwishoni mwa 2025, nchi za mkataba zilikubaliana kuiondoa kabisa duniani kufikia 2034.

Lakini hizo habari zikifika kijijini hugeuka. Mtu anasikia "zebaki imekatazwa" anakimbia kutoa ya zamani. Hilo ndilo kosa. Amalgamu nzima, isiyovunjika, iache ilivyo. Ukiichimba ukiwa na mimba, unaachilia mvuke mwingi kwa siku moja kuliko ambao ungetoka kwa muda mrefu ikiwa imetulia. Ikiwa imevunjika na jino linauma, hapo daktari ataamua namna ya kusaidia, na atajua jinsi ya kunyunyiza maji na kunyonya mvuke anapofanya kazi.

Aside kidogo, kama wanavyosema wahubiri wanapotoka kwenye andiko: tumewahi kuona mama akiogopa amalgamu na huku amejipaka krimu ya kujichubua iliyoingizwa kwa magendo. Nyingi ya krimu na sabuni hizo zina zebaki, na hupakwa mwili mzima kila siku. Anayeogopa zebaki aanzie hapo.

SIMITI NYEUPE, KAZI YA JIRANI ZETU

Ile dawa nyingine ni nini? Ziko mbili. Moja ni plastiki nyeupe ngumu, ambayo hugandishwa kwa taa ya rangi ya buluu. Ni nzuri, lakini inataka jino liwe kavu kabisa, na bei yake mara nyingi iko juu. Ya pili ni simiti nyeupe ya meno, madaktari huiita glasi ionoma. Huchanganywa kama vile fundi anavyochanganya simiti, unga na maji yake, na huganda yenyewe. Haina zebaki. Hushikana na jino bila kuchimba sana, na tena hutoa floraidi kidogo kidogo inayolisaidia jino. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia kwenye orodha ya dawa za lazima.

Na hapa tuna haki ya kujivunia. Namna ya kutumia simiti hii bila mashine ilianzia kwa jirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye chuo cha madaktari wa meno cha Dar es Salaam, ambako alikuwako daktari Mholanzi aitwaye Jo Frencken. Mashine za kuchimbia hazikuwa na maana vijijini pasipo na umeme. Basi wakaacha mashine, wakachukua vifaa vya mkono tu. Hukwangua sehemu iliyooza na kulainika, huacha iliyo ngumu, hujaza simiti na kuikandamiza kwa kidole. Mara nyingi hata sindano haihitajiki, kwa sababu ile sehemu laini haina uchungu mwingi. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka wa 1994, Siku ya Afya Duniani, ikatangazwa kwa ulimwengu wote. Kwa mama anayeogopa kelele za mashine, na kwa kijiji ambacho stima hupotea kila mvua ikinyesha, sioni njia bora kuliko hii.

Upungufu unao. Simiti nyeupe si ngumu kama amalgamu. Tundu dogo upande wa juu wa jino hukaa vizuri. Tundu kubwa kwenye gego la kutafunia, lililokula pande mbili tatu, linaweza kuvunja simiti baada ya muda, hasa kwa mtu wa njugu na mahindi makavu. Kwa mama mwenye mimba hilo si neno kubwa: simiti itamvusha hadi ajifungue na anyonyeshe, na ikivunjika atarudi. Simiti haifanyi kazi kama usaha umeshafika kwenye mzizi. Hapo ni kutibiwa mzizi au kung'oa.

Ukifika kwa daktari sema maneno haya, hayana ukorofi wowote: "Daktari, nina mimba ya miezi minne. Kama jino langu linazibika, naomba ile nyeupe isiyo na zebaki." Anayenyonyesha aseme hivyo pia. Uliza bei kabla ya kukaa. Uliza pia kama SHA italipa chochote, usidhani tu kwamba ni kama NHIF ilivyokuwa.

Kwa anayenyonyesha hakuna haja ya kukamua maziwa na kuyamwaga baada ya sindano ya ganzi. Mdomo ukirudi kuwa na hisia, hata kabla, mnyonyeshe mtoto. Na kuna sababu nyingine ya kuziba meno ya mama mapema: vile vijidudu vinavyotoboa meno hupita kwa mate. Mama au cucu akimtafunia mtoto chakula, au akilamba kijiko kabla ya kumlisha, anampandia vijidudu vyake. Meno ya mama yakiwa yametibiwa kabla mtoto hajaota, anampandia vichache.

VIKUNDI VIFANYE NINI

Vikundi vingi vina mfuko wa matanga na mfuko wa karo. Ni vichache vyenye mfuko wa jino, kwa sababu jino haliui mara moja na watu huliona ni jambo la aibu ndogo. Mnaweza kuweka shilingi kidogo kila mkutano kwa nauli na kuziba, mama mwenye mimba akitangulia. Hospitali za kaunti za Embu na Meru ziko, na hospitali za misheni ziko kutoka Kyeni hadi Maua. Pigeni simu kwanza mjue siku ambayo daktari wa meno yupo, ili mtu asitoke Siakago akakute mlango umefungwa. Kaunti pia huwa na maafisa wa afya ya kinywa. Mwombeni mhudumu wa afya ya jamii awaulizie kama mmoja anaweza kuja kwenye mkutano wenu na kuangalia midomo. Sehemu kubwa ya kazi yake inataka kiti, mwanga wa dirisha na maji yaliyochemshwa.

Yule mama wa Runyenjes alipelekwa Embu kesho yake na wenzake wawili, kwa pesa zilizotoka kwenye meri-go-raundi ya siku ile. Aliyekuwa zamu yake ya kupokea ndiye aliyesema zichukuliwe. Jino lilikuwa limeoza hadi mzizi, likang'olewa kwa ganzi, na akapewa amoksilini na parasetamoli zilizoandikwa majina. Daktari aliona tundu lingine dogo upande wa kulia. Alirudi baada ya majuma mawili na likazibwa kwa simiti nyeupe, bila sindano. Vile vidonge vinne vya kwenye gazeti aliviacha mezani kwa daktari. Hakuna aliyeweza kusema vilikuwa vya nini.